Kufufua Mashua Kongwe: Nani Hula Chombo Kilichoachwa?

Wasomaji wetu wanaoishi pwani, au kandokando ya maziwa makuu, bila shaka wamekwisha kuona mashua iliyolazwa ufukoni ikaachwa. Mwaka wa kwanza rangi hubabuka. Mwaka wa pili nafasi hufunguka kati ya mbao, na kuku huingia kutagia ndani yake. Hatimaye watu huanza kuvunja mbao za kuni, na wakiulizwa hujibu kwamba chombo kimekula chumvi nyingi, siku zake zimekwisha. Jibu hilo lafaa barazani, lakini halimtoshi mwanafunzi wa sayansi. Wakati peke yake hauli mti wala chuma. Walaji ni wengine: baadhi ni viumbe hai, baadhi ni mabadiliko ya kikemia, na kila mmoja ana masharti yake ambayo yasipotimizwa hawezi kufanya kazi.

Nilipata nafasi ya kuwachunguza walaji hao kwa karibu katika mashua ya mjomba wangu. Iliundwa mwaka 1974 katika kijiji kimoja kaskazini ya Pangani, kwa mbao za mvule, urefu wake futi 22, ikatiwa injini ndogo ya dizeli yenye silinda moja. Kwa miaka 35 ilichukua samaki, nazi, wagonjwa na maharusi. Mwaka 2009 macho ya mjomba yaliingia giza kwa maradhi, mashua ikapandishwa chini ya mkungu, na hapo ikakaa. Mwezi Juni 2021 jamaa tulikutana kijijini kwa hitima, na wajukuu wa mjomba, ambao hawakupata kuiona mashua ile ikielea, wakaomba ifufuliwe. Binamu yangu, fundi wa magari mjini Tanga, alijitolea kushughulikia injini. Mke wangu, afanyaye kazi katika maabara ya hospitali, na binti yetu, wakati huo akiwa Kidato cha Tatu, walichukua kazi ambazo nitazieleza. Mimi, kwa kuwa shahada yangu ya udaktari niliyoipata Ulaya ilihusu jinsi metali zinavyoliwa na maji, nilipewa dhamana ya kusema lipi zima na lipi bovu. Mjomba, aliyekaribia miaka 80, aliketi kitini kando ya mkuku akiwa na nyundo ndogo ya mbao mkononi.

Mvua na bahari

"Maji ya mvua yamekaa wapi?" Hilo lilikuwa swali lake la kwanza. Mimi nilikuwa nimekwisha kuinama kutazama sehemu ya chini, ile iliyozama katika maji ya chumvi kwa miaka 35, kwa kudhani kwamba huko ndiko uharibifu ungekuwa mkubwa.

Mti hauozi kwa sababu ya kulowa tu. Kuoza ni kazi ya kuvu, viumbe vya jamii ya uyoga, ambavyo nyuzi zake nyembamba hupenya ndani ya mbao na kutoa vimeng'enya vya kuvunjavunja selulosi na lignini, vitu ambavyo ndivyo mwili wa mti. Kuvu huhitaji chakula, joto, maji na oksijeni. Chakula ni mbao yenyewe, na joto la pwani yetu lavifaa viumbe hivyo mwaka mzima. Kwa hiyo njia ya kuvizuia ni kwa upande wa maji au wa oksijeni. Mbao ambayo maji yake hayazidi asilimia 20 ya uzito wake mkavu haiozi. Kwa upande mwingine, mbao iliyozama kabisa na kujaa maji haina nafasi ya hewa, nayo huoza polepole mno. Manowari Vasa, iliyozama bandarini Stockholm mwaka 1628, iliibuliwa mwaka 1961 ikiwa bado ni merikebu. Chumvi nayo huwazuia kuvu wengi, na ndiyo sababu waundaji wa merikebu wa nchi za kaskazini walikuwa wakijaza chumvi kati ya mataruma.

Adui, basi, ni maji baridi ya mvua, yanayotuama kidogo kidogo mahali penye hewa na kivuli. Mjomba aligongagonga mbao moja baada ya nyingine, sikio lake karibu. Mbao nzima hulia, mbovu hunyamaza. Binti yetu alimfuata na chaki akitia alama, nami nikafuata na kisu chembamba kuhakikisha. Mbao zote za chini zililia. Uozo ulikuwa juu, katika sitaha ya tezi na vichwa vya mataruma matatu chini yake, mahali ambapo majani ya mkungu yaliziba njia ya maji kwa miaka 12. Kisu kiliingia kama katika andazi. Seremala wa kijijini alikata sehemu hizo, na shubiri moja zaidi kila upande katika mbao iliyoonekana nzima, kwa kuwa nyuzi za kuvu hutangulia mbele ya uozo unaoonekana kwa macho.

Kwenye ncha ya mkuku tulikuta matundu mawili yenye kuta nyeupe za chokaa. Hayo ni makao ya teredo, ambaye wengi humwita mnyoo, ingawa kwa hakika ni jamaa wa chaza. Huingia katika mbao akiwa mchanga, kwa tundu lisilozidi kichwa cha pini, kisha hukua humo humo akichimba. Mbao yaweza kuwa kama sega la nyuki kwa ndani nayo nje haina dosari. Mti huo humeng'enywa kwa msaada wa bakteria waishio katika matamvua yake. Bahari ya Baltiki haina chumvi ya kumtosha mnyama huyu, na hiyo ni sababu nyingine ya kusalimika kwa Vasa. Hawezi pia kuishi siku nyingi nje ya maji, wala hastahimili moto. Wazee wetu walipopweza vyombo na kuvipitishia moto wa makuti chini kabla ya kupaka deheni, walikuwa wakimuua teredo ndani ya nyumba yake. (Mhandisi Marc Brunel alijifunza kwa mnyama huyu namna ya kuchimba njia chini ya mto, akapata hataza ya mtambo wake mwaka 1818. Ni mwalimu mzuri kwa wahandisi, ila si wa kumkaribisha chomboni.)

Rangi ya zamani

Watoto walipenda zaidi kazi ya kupiga msasa. Mke wangu aliwapokonya misasa siku ya kwanza. Rangi nyingi za zamani, hasa ile nyekundu ya kwanza iliyopakwa juu ya mbao na chuma, zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake likivutwa puani au likiliwa na mikono michafu huingia katika damu. Watoto hudhurika zaidi kuliko watu wazima, kwa kuwa miili yao huipokea risasi kwa wingi na ubongo wao ungali ukijengeka. Kazi hiyo ilifanywa na watu wazima, rangi ikikwanguliwa ikiwa imelowa, juu ya turubai lililokusanya maganda yote, na mdomo na pua vikiwa vimefunikwa. Walimu wanaowapa wanafunzi kazi ya kukwangua madawati ya zamani wanaombwa wakumbuke jambo hili.

Nafasi zenye kazi

Baada ya kukauka kwa miaka 12, mashua ilionekana kama kapu. Katika baadhi ya mahali kidole cha mtoto kiliingia kati ya mbao. Binamu yangu alileta makopo mawili ya gundi ya kisasa ambayo ikikauka huwa ngumu kama jiwe, tayari kuziba nafasi zote. "Mwanangu," mjomba alimwambia, "ukiziba hivyo utaipasua mashua yangu."

Maneno hayo yana fizikia kamili ndani yake. Mbao inaponyonya maji hutanuka kwa upana, si kwa urefu, kwa sababu maji huingia katika kuta za nyuzi zilizolala kufuata urefu wa mti. Tuchukue mbao ya upana wa sentimita 15, na tuseme hutanuka kwa asilimia 2 itokapo kwenye ukavu hadi kujaa maji: ni milimita 3. Ubavu wenye mbao 10 utaongezeka milimita 30. Nafasi zilizofunguka ni akiba ya upanuzi huo. Zikijazwa kitu kigumu, mbao zitakuwa hazina pa kwenda, nazo zitasukumana kwa nguvu iwezayo kukata misumari na kung'oa mbao kwenye mataruma. Waashi wa kale walipasua miamba kwa kabari za mbao kavu zilizotiwa maji. Nguvu ni ile ile.

Kalafati, kwa hiyo, yapasa kuwa laini. Wanawake wa nyumbani pamoja na binti yetu walisokota pamba na kuichovya katika mafuta, nasi tukaisindika kwa tindo butu, kwa wepesi, bila ya kuikaza. Gundi ya binamu haikupotea. Ilitumika kwenye sitaha mpya ambayo haikusudiwi kulowa.

Skurubu

Sasa nafika kwenye jambo ambalo nalieleza kwa haya kidogo. Mbao za chini zilikuwa zimefungwa upya katika karakana moja miaka ya 1990, kwa skurubu 212 za shaba ya manjano. Nilikwangua vichwa vya skurubu nyingi. Vilikuwa imara, ila vilikuwa na wekundu kidogo ambao nilidhani ni mabaki ya ile rangi ya kwanza. Nikamwambia mjomba kwamba hazina tatizo, tusubiri bamvua tushue. Watoto sita walikwisha kuahidiwa safari ya kwanza, na wawili kati yao hawakujua kuogelea.

"Umeitoa hata moja, mpwa wangu?"

"Hapana, mjomba. Vichwa vyake ni vizima."

"Kichwa nimekisikia. Nitilie mwili wake mkononi."

Nilichukua bisibisi. Skurubu ya kwanza ilikatika katikati kabla ya kufika zamu mbili. Ya pili ilitoka nzima. Mjomba aliishika kwa vidole viwili akaivunja kama biskuti. Ndani yake haikuwa ya manjano. Ilikuwa na rangi ya waridi, yenye vitundu vitundu kama sifongo.

Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Katika skurubu za kawaida zinki huwa yapata thuluthi moja. Metali hizi mbili hazilingani katika tabia ya kutoa elektroni. Walimu wa kemia wanazo namba zake ubaoni: zinki ni volti -0.76, chuma ni -0.44, na shaba nyekundu ni +0.34. Kadiri namba ilivyo chini ndivyo metali inavyokuwa tayari kutoa elektroni na kuingia katika maji kama ayoni. Katika maji ya bahari, yenye chumvi yapata gramu 35 katika kila lita na kwa hiyo yanayopitisha umeme vizuri, zinki iliyomo katika shaba ya manjano huondoka mwaka baada ya mwaka, na shaba nyekundu hubaki peke yake mfano wa nyumba iliyoondolewa matofali. Umbo halibadiliki, na mifuo ya skurubu hubaki. Kilichoondoka ni nguvu. Nilikaa miaka minne katika nchi ya baridi nikisoma habari za kuliwa kwa metali, na wekundu ule ndio dalili iliyoandikwa katika kila kitabu.

Katika skurubu 20 za kwanza tulizozitoa, 13 zilivunjika. Jioni ile nilifanya pamoja na binti yangu hesabu ambayo ningetaka kila mwanafunzi wa fizikia aifanye. Kwa kanuni ya Torricelli, maji huingia kwa upenyo ulio chini ya uso wa maji kwa kasi ya √(2gh). Katika kina cha sentimita 40, kasi hiyo ni √(2 × 9.8 × 0.4), yaani mita 2.8 kwa sekunde. Mbao ikiachana na jirani yake kwa milimita 1 tu katika urefu wa mita 1, eneo la upenyo ni sentimita za mraba 10, na kwa hesabu tupu lita 2.8 zitaingia kila sekunde. Kwa kuwa mkondo hujibana katika upenyo mwembamba, tuchukue sehemu 6 katika 10 za kiasi hicho: lita 1.7 kwa sekunde, au lita 100 kwa dakika. Mashua yenyewe ilikadiriwa kuwa na uzito wa kilo 1,300. Katika dakika 10 ingekuwa imebeba tani nzima ya maji, na ndoo ya lita 10 ingehitaji kujazwa na kumwagwa kila sekunde 6 ili kushindana nayo. Sikulala vizuri usiku ule.

Tuliziondoa skurubu zote 212. Kazi hiyo ilikula likizo mbili za shule. Matundu ya zamani yalizibwa kwa vigingi vya mbao, na kando yake tukapigilia misumari ya chuma iliyopakwa zinki, kila mmoja ukivishwa pamba yenye mafuta chini ya kichwa chake kama wafanyavyo waundaji wa majahazi. Hapa mwanafunzi mwangalifu atauliza: ikiwa zinki ndiyo iliyotoroka katika skurubu, kwa nini tuiamini kwenye misumari? Ni kwa sababu hapa zinki si sehemu ya nguvu ya msumari. Ni ngozi tu. Ikiliwa, humpa chuma elektroni zake na kukizuia kisiende majini, na inapokwisha chuma bado ni kizima.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani kwa glasi tatu za maji yenye gramu 35 za chumvi kwa lita. Katika ya kwanza tia msumari mtupu wa chuma uliosuguliwa. Katika ya pili msumari uliozungushiwa waya safi wa shaba. Katika ya tatu msumari uliofungwa kwa kipande cha zinki. Baada ya siku chache glasi ya pili itakuwa na kutu nyingi kuliko ya kwanza, na msumari wa tatu utakuwa karibu haujaguswa.

Mtu wa kwanza kuitumia kanuni hii katika vyombo ni Humphry Davy wa Uingereza, mwaka 1824. Merikebu za kivita za nchi hiyo zilikuwa zimevikwa mabamba ya shaba nyekundu, nayo yakiliwa na bahari. Davy alifungia vipande vya zinki na chuma juu yake, na shaba ikaacha kuliwa. Lakini merikebu zikaota majani na chaza hata zikashindwa kwenda mbio, kwa kuwa ile shaba iliyokuwa ikiyeyuka ndiyo sumu iliyowafukuza viumbe hao. Wakubwa wa jeshi la maji waliuacha mpango huo. Kemia ilikuwa sahihi. Elimuviumbe haikuwa imeulizwa.

Mashua ya mjomba haina mabamba, lakini ina mhimili wa chuma na rafadha ya shaba nyeusi, jozi ambayo ndani ya maji ya chumvi huwa betri kamili. Tulifunga bonge la zinki la gramu 1,150 likigusana na mhimili.

Injini na kushua

Injini ilikuwa imeganda kwa kutu, pistoni haitoki wala haiingii. Binamu yangu alimwaga mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili ndani ya silinda, akangoja siku 9, akawa anatikisa gurudumu lake asubuhi na jioni pasipo kutumia nguvu, hata likakubali. Njia za maji ya kupozea zilizibwa na ukoko wa chokaa. Siki iliuyeyusha huku ikitoa mapovu ya kaboni dayoksaidi, kama vile maganda ya yai yafanyavyo katika siki. Injini ya dizeli haina plagi. Hewa hubanwa mpaka ipate joto la kuwasha mafuta yenyewe, kwa hiyo pete za pistoni zikivuja haiwaki kamwe. Tulibadilisha pete. Wenye injini za petroli wana jambo jingine la kuangalia: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutulia chini katika ngama ukingoja cheche. Wafungue vifuniko na kupunga hewa kwanza, hata kama wana haraka.

Tuliishua kwa bamvua ya Desemba 2022, bila abiria, ikiwa imefungwa kwa kamba mbili kwenye maji ya kina cha kiuno. Binti yetu aliweka daftari la kufua maji. Saa ya kwanza zilitoka ndoo 38 za lita 10. Watoto walihuzunika, mjomba aliuliza namba akanyamaza. Tulifua kwa zamu usiku kucha. Kufikia asubuhi zilikuwa ndoo 11 kwa saa, na siku ya tatu ndoo 1. Mbao zilikuwa zikinywa maji na kufunga milango yao zenyewe, na pamba ikibanwa katikati. Wiki ya pili watoto sita walipata safari yao, kila mmoja akiwa amevaa jaketi la kuokolea.

Mwezi Juni 2023 tulilitoa lile bonge la zinki na kulipima. Lilikuwa na gramu 930. Binti, aliyekwisha kumaliza Kidato cha Nne, alipiga hesabu mchangani: gramu 220 ni moli 3.36, kila atomu hutoa elektroni 2, moli moja ya elektroni ni kulombu 96,500, jumla yapata kulombu 650,000 katika sekunde milioni 15.8 za miezi sita. Kama zinki yote iliondoka kwa njia hiyo, mkondo wake wa wastani ulikuwa ampea 0.04.

Mjomba aliuliza kama umeme huo ungewasha taa ya tochi. Binti alimjibu kwamba glopu ya tochi huhitaji yapata ampea 0.3.

"Haiwaki, babu."

"Haiwaki, na imekwisha kula nusu ratli ya zinki," alisema mjomba, akalipapasa lile bonge lililojaa vishimo. Kisha akamtuma mjukuu wake mmoja dukani Tanga kununua jingine.